Bangili ya vipambo na haki ya kujua tunachonunua



Msomaji mpendwa, kila unapokaribia msimu wa Idi na harusi, maduka ya masonara hujaa watu, kuanzia Kariakoo hadi Mji Mkongwe na Mombasa. Miongoni mwa mapambo yanayopendwa mno na mabinti wa zama hizi ni bangili ya mnyororo inayoning'inizwa vipambo vidogo vidogo: mwezi mwandamo, ua, ufunguo, kitabu, herufi ya kwanza ya jina. Pambo hili lina hikima yake, kwani halikamiliki kwa siku moja. Baba hununua bangili, shangazi huongeza kipambo binti anapohitimu madrasa, mume naye huongeza kingine anapojaaliwa mtoto, na baada ya miaka bangili huwa kama daftari la neema alizoruzukiwa mwenyewe.

Lakini hapo penye uzuri ndipo penye mtihani. Kila kipambo hununuliwa peke yake, pengine kwa muuzaji tofauti, nacho ni kidogo kiasi kwamba mnunuzi huona haya kuomba kipimwe au kiandikiwe risiti. Hivyo ndivyo familia inavyojikuta na bangili yenye vipambo kumi, vitatu vya fedha, vinne vya shaba iliyochovywa, na vitatu visivyojulikana ni vya nini. Akina mama kadhaa wametuuliza namna ya kutambua kilicho cha kweli na kilicho cha bandia. Tumeona swali hili linastahili nafasi katika ukurasa wa familia, kwa sababu ndani yake mna mali, mna haki, na kwa watoto wadogo mna uhai.

Maswali mawili, si moja

Mtu anapouliza, "Je, hiki ni cha kweli?" huwa ameuliza maswali mawili kwa pamoja, na hayo yafaa kutenganishwa. La kwanza ni uhalisi wa madini: je, hii ni fedha, ni dhahabu, au ni shaba iliyovikwa nguo ya fedha? La pili ni uhalisi wa jina: je, kimetengenezwa na kampuni ambayo jina lake limepigwa juu yake?

Mfano wa wazi ni kampuni ya Pandora, iliyoanza Copenhagen, Denmark, mwaka 1982, na ambayo ilitoa bangili yake ya vipambo mwaka 2000 ikaenea dunia nzima. Vipambo vyake vya fedha hupigwa chapa S925 ALE. Namba 925 ni kiwango cha fedha, na herufi ALE ni za Algot Enevoldsen, baba wa mwanzilishi wa kampuni hiyo. Wanaoghushi huiga namba, herufi na hata kisanduku. Basi kipambo chaweza kuwa cha fedha safi lakini jina lake limeibwa, na kingine chaweza kuwa cha fundi wa mtaani asiyejulikana ilhali fedha yake haina shaka yoyote.

Ushauri wetu ni kwamba mnunuzi aamue kwanza analipia nini. Anayelipia jina anunue kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni yenyewe, adai risiti, na aitilie shaka bei iliyo chini mno ya ile ya kawaida. Anayelipia madini hana haja ya jina. Ana haja ya uzito na kiwango. Nasi kwa familia nyingi za kwetu tunaona hili la pili ndilo lenye maslahi zaidi, kwani siku ya dhiki sonara hununua gramu, hanunui jina.

Namba na herufi zilizopigwa chapa

Dhahabu safi huhesabiwa kuwa ya karati 24. Ya karati 22 ina sehemu 916 za dhahabu katika kila sehemu 1,000. Ya karati 21 ina 875. Ya karati 18 ina 750. Ya karati 14 ina 585. Na ya karati 9 ina 375 tu. Sehemu iliyobaki ni shaba, fedha au madini mengine yanayotiwa ili pambo liwe gumu. Kwa upande wa fedha, kiwango kilichoenea ni 925, yaani sehemu 925 za fedha na 75 za madini mengine, aghalabu shaba.

Jicho lisiishie kwenye namba. Litazame herufi zinazoifuata. Chapa ya "18K GP" haimaanishi dhahabu ya karati 18. GP ni alama ya kuchovya, na dhahabu iliyopo ni utando mwembamba juu ya madini mengine. Herufi EPNS nazo humaanisha mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliochovywa fedha. Mchanganyiko huo wenyewe, usipochovywa, huuzwa kwa jina la "fedha ya Kijerumani", na ndani yake hamna fedha hata chembe.

Desturi ya kupiga chapa ni kongwe. Mwaka 1300 sheria ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza iliamuru kwamba vyombo vya fedha visiuzwe mpaka vipimwe na wasimamizi wa mafundi na kupigwa alama ya kichwa cha chui. Huko India, serikali ilianza mwaka 2021 kulazimisha chapa kwenye mapambo ya dhahabu, na kila pambo lililopimwa hupewa utambulisho wake wa tarakimu na herufi sita, ambao mnunuzi anaweza kuuhakiki kwa programu ya simu ya shirika la viwango la nchi hiyo. Ndugu zetu wanaosafiri huko kwa matibabu au biashara wasiache kuutafuta.

Hata hivyo chapa ni dai tu, na dai huhitaji ushahidi. Nyundo ya kupigia namba 925 hununuliwa na yeyote. Kwa upande mwingine, pambo lisilo na chapa si lazima liwe bandia. Vikuku na kekee vya bibi zetu wa pwani, na mapambo ya kale ya Oman, mara nyingi havina chapa yoyote. Fedha iliyotumika katika mengi ya mapambo hayo ilipatikana kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780, ambazo zilikuwa sarafu ya biashara katika bahari yetu. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 na kiwango cha fedha kipatacho 833. Basi kikuku cha bibi chaweza kupimwa kikaonekana chini ya 925, na bado kikawa fedha ya haki kabisa. Asitokee mtu akakitupa au akakiuza kwa bei ya shaba.

Kupima nyumbani na kupima kwa sonara

Vipo vipimo vyepesi ambavyo kila nyumba inaweza kuvifanya, ilimradi tujue mpaka wa kila kimoja.

Cha kwanza ni sumaku. Dhahabu na fedha havivutwi na sumaku. Kipambo kikivutwa, kiini chake ni chuma au nikeli. Kifungio kisipimwe, kwani ndani yake mara nyingi mna springi ya chuma hata katika bangili nzuri. Wala mtu asidhani kwamba kisichovutwa kimeshinda mtihani, maana shaba, zinki na risasi navyo havivutwi.

Cha pili ni kutazama mahali panaposuguana. Kila kipambo kina kitanzi kinachopita kwenye mnyororo, na sehemu ya ndani ya kitanzi hicho ndiyo inayolika kwanza. Pambo lililochovywa hufichuka hapo: wekundu wa shaba au umanjano wake huanza kuchungulia. Tutumie kioo cha kukuzia na mwanga wa mchana.

Cha tatu ni maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya kidijitali, iresti isome sifuri, kisha ning'iniza pambo kwa uzi hadi lizame bila kugusa kikombe. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa pambo kavu kwa namba hiyo. Fedha ya 925 hutoa jibu lililo karibu na 10.3, na shaba ya manjano hutoa karibu na 8.5. Kwa mfano, bangili ya gramu 31 ikiwa ya fedha itasukuma maji ya gramu 3, na ikiwa ya shaba ya manjano itasukuma kama gramu 3.6. Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye mawe au lililo tupu ndani, na kwa kipambo kimoja cha gramu mbili au tatu kinahitaji mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu.

Kipo pia cha nne ambacho tunawaomba wasomaji wakiache, nacho ni kuuma kwa meno. Risasi nayo ni laini, nayo ni sumu.

Kwa sonara, kipimo cha siku nyingi ni jiwe jeusi: pambo husuguliwa likaacha mstari, kisha mstari hudondoshewa tindikali na kulinganishwa na mstari wa dhahabu inayojulikana. Siku hizi yapo pia maduka yenye mashine ya eksirei inayosoma madini bila kulikwaruza pambo. Mashine hiyo husoma tabaka la juu, kwa hiyo mchovyo mnene unaweza kuidanganya. Pambo la thamani kubwa lipimwe kwa njia zaidi ya moja, na mwenye kupima asiwe yule yule anayeuza.

Ufundi nao una daraja

Fedha yaweza kuwa ya kweli na kazi ikawa mbovu. Kitanzi cha kipambo kiwe kimelehemiwa na kufungwa kabisa. Kilichokunjwa tu kikaachwa na mwanya kitafunguka, na kipambo kitapotea sokoni bila mwenyewe kujua. Mawe yawe yameshikwa na vidole vya madini, si kwa gundi, maana gundi haistahimili udhu wa mara tano kwa siku. Kingo zisikwaruze nguo. Kifungio kifunguliwe na kufungwa mara kadhaa pale pale dukani. Mwenye ngozi inayowasha aulize kuhusu nikeli, kwani hiyo ndiyo husababisha wekundu na vipele kwa watu wengi wanaovaa mapambo ya bei rahisi.

Kwa watoto, swali la kwanza ni uhai

Hapa tunaomba kila mzazi asome kwa utulivu.

Mwaka 2006, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mtoto wa kiume wa miaka minne alimeza kipambo cha bangili chenye umbo la moyo. Bangili hiyo haikununuliwa. Ilikuwa zawadi iliyotolewa pamoja na jozi ya viatu vya watoto. Mtoto alianza kutapika, na mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa kawaida wa tumbo. Alifariki dunia. Kipambo kilipopimwa, kilikuwa na risasi kwa asilimia 99.1. Bangili zipatazo 300,000 ziliondolewa sokoni, na mwaka 2008 Marekani ilitunga sheria kali zaidi kuhusu risasi katika vitu vya watoto. Baadaye, mwaka 2010, wachunguzi walikuta madini mengine ya sumu, kadimiamu, katika mapambo ya watoto yaliyokuwa yakiuzwa madukani nchini humo.

Kipambo kile kiling'aa kama fedha. Hakuna macho ambayo yangeijua risasi iliyo chini ya mng'aro wake. Ndiyo maana tunasema kwamba mapambo ya kuning'inia yasiyojulikana asili yake, hasa yale ya bei ya pipi au yanayotolewa bure, yasikae mikononi mwa watoto wadogo ambao kila wanachokishika hukipeleka kinywani. Akivishwa binti mdogo bangili siku ya Idi, iwe ya madini yanayojulikana, isiwe na vipande vinavyochomoka, na ivuliwe kabla ya kulala. Mtoto akimeza kipambo, apelekwe hospitali mara moja, na mzazi amweleze daktari waziwazi kwamba kilichomezwa ni madini, ili apigwe eksirei na kupimwa damu. Asisubiriwe kuona kama kitatoka chenyewe.

Mizani, bei na funzo la kidani cha Khaybar

Tukirudi kwenye mali, dini yetu haikuliacha jambo hili bila mwongozo. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba sahaba Fadhala bin Ubayd (R.A.) alinunua siku ya Khaybar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenganisha akakuta dhahabu peke yake imezidi dinari 12. Alipomweleza Mtume (S.A.W.), akaelekezwa kwamba kitu cha namna hiyo kisiuzwe mpaka kitenganishwe.

Tazama jinsi funzo hilo linavyoingia katika duka la leo. Tuseme kipambo kina uzito wa gramu 9, na ndani yake mna mawe ya kioo ya gramu 1. Dhahabu yake ni gramu 8 za karati 21, sawa na gramu 7 za dhahabu safi. Tukikadiria, kwa mfano tu, kwamba gramu moja ya dhahabu safi ni shilingi 300,000, thamani ya dhahabu ni shilingi 2,100,000, na ujira wa fundi utajwe kando. Muuzaji akipima yote pamoja na kuyauza kwa bei ya dhahabu, atatoza shilingi 2,362,500 kabla ya ujira. Mnunuzi atakuwa amelipa shilingi 262,500 kwa kipande cha kioo.

Basi tuombe mambo matatu yatajwe mbalimbali: uzito wa madini bila mawe, kiwango chake, na ujira. Tuitazame mizani kama ina stika ya ukaguzi. Kwa Tanzania hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Ambaye ameuziwa bidhaa ya jina la kughushi nchini Tanzania anaweza kuifikia Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Jambo jingine ni kubadilisha dhahabu ya zamani kwa mpya na kuongeza pesa juu. Dhahabu kwa dhahabu sharti iwe uzito kwa uzito na mkono kwa mkono, na nyongeza huingiza riba. Njia iliyo salama ni kuuza ya zamani, kupokea fedha zake mkononi, kisha kununua mpya kwa mkataba mwingine. Mwenye hali yenye utata amuulize sheikh wake kabla hajaingia dukani.

Mahari na daftari la ndoa

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti huandika mahari katika daftari la ndoa, na mara nyingi huletewa maneno haya: "seti ya dhahabu" au "bangili ya dhahabu na vipambo vyake". Maneno hayo hayamlindi bibi harusi. Mahari ni haki yake na ni deni juu ya mume. Ikitokea baada ya miaka kwamba "dhahabu" ile ilikuwa mchovyo, ndoa hukumbwa na ugomvi ambao mstari mmoja wa kalamu ungeuzuia. Tunawasihi mawalii na waoaji waandike uzito kwa gramu na kiwango kwa karati, na waambatanishe nakala ya risiti. Kumwandikia mwenzio haki yake si kumtilia shaka. Ni kumtunza yeye na kujitunza mwenyewe.

Faida nyingine huonekana katika zaka na mirathi. Wanazuoni wametofautiana kuhusu zaka ya mapambo yanayovaliwa, lakini popote inapohesabiwa, nisabu ya gramu 85 ni ya dhahabu safi. Mwenye gramu 100 za karati 18 ana gramu 75 tu za dhahabu, naye hawezi kulijua hilo asipojua alichonacho. Vivyo hivyo warithi hawawezi kugawana kwa uadilifu sanduku la mama lisilo na karatasi hata moja.

Dai jingine la bandia

Hatuwezi kumaliza bila kugusa vipambo vinavyouzwa kwa madai ya kuleta bahati au kukinga husuda, kama jicho la buluu na mfano wake. Muuzaji anayesema kwamba kioo kitamkinga mtoto ametoa dai la uongo sawa na anayeiita shaba dhahabu, na uongo wake ni mzito zaidi kwa kuwa unagusa itikadi. Kipambo ni pambo. Kinga tunaiomba kwa Mwenyezi Mungu.

Nenda basi dukani bila haya. Uliza ni madini gani, kiwango gani, uzito gani bila mawe, ujira kiasi gani, na kama anakubali kukirudisha kikipimwa kwingine kikaonekana sivyo. Majibu yaandikwe kwenye risiti yenye jina la duka na tarehe. Sonara mwaminifu hatachukia, kwa sababu maswali hayo ndiyo yanayomtofautisha na tapeli wa jirani. Anayekasirika, mwachie pambo lake. Risiti iwekwe pamoja na bangili katika kisanduku kimoja, na binti mwenyewe aonyeshwe namna ya kuisoma.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika vipato vyetu, awajaalie wafanyabiashara wetu kuwa miongoni mwa wakweli, na awahifadhi watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.